Ngazi Iliyopungua Kidato

Amparo alishuka kwenye bajaji, akageuka kuitazama nyumba ya mama yake, na nyumba haikuwapo.

Haikuwa imeungua wala kuanguka; iliyoungua huacha majivu, iliyoanguka huacha kifusi. Hapa palikuwa na kiwanja kitupu, na katikati yake kidato kimoja cha jiwe, cha ngazi isiyokuwapo, jogoo amefungiwa hapo kamba mguuni. Amparo alikitazama kidato, akayatazama mawingu pale lilipokuwa paa. Akakaa juu ya sanduku lake.

Alikuwa Hong Kong miaka kumi na moja akilea watoto wa wenzake. Jumapili tu alikuwa amezungumza na mama yake, Inang kama alivyomwita, kwa simu ya video, na nyuma ya mama aliliona dirisha lile lile la vipande vya kombe za baharini badala ya vioo, na banggera ile ile, kichanja cha dirisha la jikoni, vikombe vimepinduliwa vikauke. Hakumwambia kwamba mkataba umekwisha na anarudi moja kwa moja. Alitaka kumshtua. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Ka Teroy!" alimwita jirani, aliyekuwa uani kwake akimkanda mabawa jogoo mwingine wa mapigano. "Inang yuko wapi? Amekufa?"

"Afe wapi! Yule atatuzika sote." Mzee Teroy alisogea kwenye uzio. "Kwani hakukwambia? Nyumba ameiuza. Walikuja watu na malori, wakaifumua ubao kwa ubao, jiwe kwa jiwe, wakaenda kuisimamisha hotelini, kule ng'ambo ya ziwa. Watalii wanapenda nyumba za kale."

"Na yeye?"

"Kaenda nayo."

"Kaenda nayo vipi?"

"Kama kabati lilivyoenda. Alikaa kwenye kiti cha marehemu baba yako, akasema anayetaka nyumba abebe na mwenyewe. Wakambeba." Mzee alianza kucheka, akauona uso wa Amparo, akaacha.

Kuingia nyumbani kwao, kule hotelini, Amparo alikata tiketi. Hasira ilikuwa imemkaba hata hakuweza kumsalimia msichana wa getini. Alivaa kofia na barakoa, akajichomeka nyuma ya kikundi cha wageni kutoka Manila, wakasimama ghorofa ya chini, kwenye kuta za mawe alikokuwa akifuga sungura utotoni. Kila kitu kilikuwepo. Hata harufu ya nta ya sakafu ilikuwepo, na hilo ndilo lililomuumiza.

Wakapanda. Kwa mazoea ya utoto alihesabu vidato kimoyomoyo, kama kila mtoto wa mkoa wao wa Batangas anavyohesabu: dhahabu, fedha, kifo, dhahabu, fedha, kifo. Ngazi yao iliishia kwenye dhahabu. Hakuna fundi mwenye akili timamu anayeacha ngazi iishie kwenye kifo. Alipokanyaga sakafu ya juu, hesabu yake ilikuwa kwenye kifo. Akadhani amekosea. Alitaka kurudi ahesabu upya, lakini mama mmoja mnene alikuwa anamsukuma kwa nyuma.

Na pale ukumbini, mbele ya madirisha ya kombe, alisimama Inang. Huyu mwanamke aliyevaa dera maisha yake yote, leo amevaa sketi ndefu ya kizamani na mtandio wa nyuzi za nanasi, nywele amezifunga fundo na chanuo la dhahabu bandia. Amparo hakujua acheke au alie.

"Karibuni kwangu," Inang alisema, kwa sauti ambayo binti yake hakuwahi kuisikia. "Msinigusie kabati, lina umri kunizidi mimi, na mimi mwenyewe siguswi."

Wageni wakacheka. Akawaonyesha vidirisha vya chini, vile vinavyofunguliwa karibu na sakafu ili upepo upite. "Hapa binti yangu alipenda kukaa, miguu ananing'iniza nje, anawatemea wapita njia kokwa za zambarau. Padri mwenyewe alipata yake, hapa, kwenye kipara!"

Ilikuwa kweli. Nyuma ya barakoa Amparo alitabasamu, hasira ikaanza kuyeyuka. Ndipo Inang alipowapeleka kwenye mlango wa chumba alichokuwa akilala Amparo utotoni. Mlangoni pamefungwa kamba nyekundu. Kitandani pametandikwa gauni dogo jeupe, na sakafuni maua, mengine mabichi, mengine yamenyauka.

"Na humu," Inang alisema, "ndimo alimokufa Amparo wangu. Alikuwa na miaka saba. Homa ya mbu."

Yule mama mnene akatoa leso. Wanaume wakavua kofia. Wote wakapiga ishara ya msalaba, na Amparo akabaki ameduwaa katikati yao, ameushika mkono wake mwenyewe kwa nguvu kama mtu anayehakikisha upo. Hakuwahi kuogopa hivyo maishani. Mama yake mzazi alikuwa amemzika mchana kweupe, na hakupepesa jicho.

Wageni waliposhuka, alimfuata jikoni.

"Inang!"

"Punguza sauti, kikundi kingine kiko chini." Inang hakugeuka, alikuwa anapangusa vikombe kwenye banggera. "Umekonda. Umekula?"

"Umeniua! Umeniua mbele za watu!"

"Nakuua kila siku. Jumapili ndiyo zaidi."

"Ulijua kuwa nipo?"

"Nilikuona kwenye tundu la sakafu kabla hujakanyaga ngazi. Huo mwendo wako wa bata nani asiyeujua?"

"Na bado ukasema! Nyumba umeuza, sikuambiwa. Nikadanganywa na dirisha. Sasa na mimi nimeuzwa?"

"Nyumba ilikuwa inaliwa na mchwa, na mimi nilikuwa naliwa na upweke. Hilo nisamehe." Inang akaweka kikombe chini. "Lakini niambie, ulipopanda ulihesabu?"

Amparo akaitikia kwa kichwa.

"Iliishia wapi?"

"Kwenye kifo."

"Haya. Msingi wao uko juu kuliko wetu, kidato kimoja kikakosa nafasi, wakakiacha kule jirani na Teroy. Nimewaomba, nimewalilia. Fundi mkuu akacheka, eti zege limeshamwagwa, niache ushirikina." Alishusha sauti. "Ngazi ikiishia hapo, nyumba hudai mtu. Mimi hainitaki, nimeshachakaa. Na wewe uko huko ghorofa ya thelathini, unaning'inia nje unasafisha madirisha ya watu. Kila usiku naota unaanguka. Nikaona bora niilipe. Nikaiambia: basi, wangu ulishamchukua zamani, miaka saba, homa ya mbu, tumemalizana. Naiambia kila siku, kwa sauti, mbele ya mashahidi." Akamtazama binti yake kwa mara ya kwanza, macho yamemlowa. "Umeanguka?"

"Sijaanguka, Inang."

"Basi."

Amparo akaivua barakoa. Alikuwa na maneno mengi makali aliyoyapanga njiani, yote yakapotea.

"Lakini nimerudi," alisema. "Nimerudi moja kwa moja. Nataka chumba changu."

Mkono wa Inang ukaenda mdomoni mwa binti yake upesi, ukiwa bado na maji ya vyombo. Akaitazama sakafu, akatazama dari, kama mtu aliyesikia hodi asiyoitaka.

"Nyamaza," alinong'ona. "Wewe ni Tinang, mpwa wangu kutoka Mindoro. Jikoni wanatafuta mtu, nitakusemea. Utalala nyuma, na mimi. Kile chumba usikiingie hata siku moja. Umenielewa, Tinang?"

Huu ni wazimu, Amparo aliwaza. Nitashuka niende ofisini kwao niwaonyeshe pasipoti. Lakini ule mkono ulikuwa unatetemeka mdomoni pake, na Inang hakuwa mtu wa kutetemeka. Hata siku ya mazishi ya baba hakutetemeka.

Chini kengele ililia. Inang akamkabidhi kitambaa cha vyombo, akauweka sawa mtandio, akatoka.

Amparo alibaki kwenye banggera na kikombe mkononi. Alisikia kicheko cha kabati, kicheko cha padri, halafu hatua zikisogea kwenye kamba nyekundu.

"Na humu," sauti ya mama yake ilisema, na safari hii ilikatika kidogo, "ndimo alimokufa Amparo wangu."

Wageni wakanong'ona sala. Tinang akakipindua kikombe kikauke, akapiga ishara ya msalaba pamoja nao.