Mate ya Baraka kwa Safari ya Mosko

Mimi Polikarp wa Kasense ni mtu wa hasira, na sihitaji mtu wa kunikumbusha. Mke wangu Kristiana anatosha. Mwaka ule tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba mpya haina hata mlango, ndipo mwanangu wa pekee, Zenon, akaja na barua. Serikali inampeleka Mosko kusomea utabibu wa mifugo, miaka sita.

"Nenda," nikamwambia. "Ila mate yangu hupati."

Kwenye ukoo wetu msafiri wa mbali hupiga magoti, baba akamtemea mate ya baraka utosini. Jumatatu asubuhi Zenon alipiga magoti kizingitini. Nikachukua jembe, nikampita, nikaenda kwenye matuta ya ulezi. Hata kugeuka sikugeuka. Niliporudi alishaondoka.

Siku mbili ugali haukushuka. Nikikaa nasimama, nikisimama sijui niende wapi. Kristiana ananitengea sahani, anaiondoa kama ilivyokuja. Jumatano nikakata shauri, nikatembea hadi Katandala kwa Mwalimu Mbonile, mtu wa Mbeya, yeye ndiye aliyemjazia Zenon fomu zote.

"Mwalimu, hiyo Mosko iko mbali kiasi gani?"

Akafungua atlasi, akapima kwa uzi. "Kutoka Dar, karibu kilomita elfu saba, mzee wangu. Ndege inaondoka Jumamosi saa sita mchana. Masaa kumi angani, kafika."

"Kumi tu?"

"Kumi tu."

"Na kutoka hapa mpaka Dar?"

"Haizidi elfu moja na mia mbili. Barabara ikikubali, siku tatu."

Jamani! Nikahesabu kwa vidole. Ningeondoka saa ileile, ningemkuta uwanjani asubuhi ya Jumamosi. Sikurudi hata kuaga. Nikadandia lori la mahindi nikiwa na shati la shambani.

Barabara haikukubali. Karibu na Laela tulizama kwenye tope kutwa nzima ya Alhamisi. Nilisukuma, nikamtukana dereva, nikatukana mvua. Wenzangu wakacheka: "Mzee, una ndege ya kuwahi?" Nikawaambia ndiyo, ninayo, wakazidi kucheka.

Mbeya niliingia Jumamosi saa nne asubuhi. Dar bado safari ya kutwa na zaidi. Nimesimama stendi natafuta gari la kuendelea, basi la kutoka Dar likaingia. Akashuka kijana na sanduku la bati.

Zenon!

"Shikamoo baba."

"We! Unafanya nini hapa? Ndege je?"

"Nilifika Dar Alhamisi. Nikashindwa, baba. Nivuke nchi zote zile huna radhi nami? Jana nikageuza, nije unitemee mate kwanza."

"Watakupa nafasi nyingine?"

"Wamesema asiyekuwepo leo, nafasi yake anapewa mwingine."

Nikatazama saa ya ukutani pale stendi. Saa nne na robo. Ndege yake ilikuwa bado iko chini, na hatukuwa na njia yoyote ya kuifikia. Nilitaka abaki, si ndiyo? Basi amebaki.

Akapiga magoti palepale kwenye vumbi, watu wanatazama. Nikamtemea mate utosini huku nalia kama mtoto.

"Nenda, mwanangu," nikasema. "Nenda salama."

Na pa kwenda hapakuwapo tena.