Kopo la Muriel

Tone. Kimya. Tone. Bomba la jikoni lilikuwa likidondoka kwenye beseni la bati, na Muriel Tapley, ambaye usingizi ulikwisha kumkimbia, alilisikiliza mpaka dirisha likaanza kupata weupe. Miaka saba lilikuwa likidondoka vile. Mumewe Wilfred alikuwa fundi bomba, mji mzima ukimtegemea, na kila alipoambiwa alijibu, "Kesho, mke wangu." Sasa ana wiki tatu kaburini, na kesho yake ameondoka nayo.

Alipoinuka kitandani Muriel alikuwa amekata shauri. Leo atakwenda Dema la Kaa, achukue kopo la Wilfred, alirudishe nyumbani.

Dema la Kaa ni baa ya ufukweni, ndogo mno. Zamani ilikuwa duka la fundi viatu. Mabenchi manne yanatazamana, mapipa sita yamelazwa nyuma ya pazia, basi. Hakuna muziki wala kaunta, na ukikaa magoti yako yanagusana na ya mwenzako, kwa hiyo huwezi kuacha kuzungumza naye. Wilfred alikwenda huko kila Alhamisi kwa miaka kumi na miwili. Mwanzoni kabisa alimwomba mkewe waende pamoja. Muriel alikuwa mtu wa kanisa lisilotaka kusikia hata harufu ya pombe. Akamwambia, "Mimi baa? Hesabu kwamba mkeo amekufa."

Wilfred hakumwomba tena. Nyumbani alikula, akashukuru, akasoma gazeti, akalala. Maneno kati yao yalipungua kama maji yanayokupwa.

Mazishini walikuja watu watano, pamoja na kasisi. Hilo ndilo lililomchoma Muriel. Kati ya wanywaji wake wote, hakutokea hata mmoja. Alikuwa amewaandalia maneno njia nzima, makali kama siki.

Alifika saa sita mchana, milango ilipofunguliwa.

"Karibu, mama! Funga upesi, upepo wa huku huingia bila kubisha hodi," alisema mwenye baa, Desmond Hogben, mtu mnene mwenye aproni iliyopauka.

Ndani walikuwamo wawili tu. Bwana Norris, baharia mstaafu wa vivuko, alijisogeza ili kumpa nafasi. Bibi mmoja aliyeitwa Beryl alichomoa mto aliokuwa ameukalia mwenyewe, akaupigapiga vumbi.

"Kalia huu, dada. Benchi hili lina chuki na mifupa ya wazee."

"Mzee nani?" Norris akadakia. "Huyu msichana ukimlinganisha na wewe."

"Nyamaza, wewe. Mdomo wako unavuja kuliko kile kivuko ulichokizamisha."

"Sikukizamisha! Kiligusa mchanga tu!"

Muriel alikuwa amejiandaa kwa walevi. Kwa mto hakuwa amejiandaa. Hogben akamwekea kopo la pombe ya tufaha benchini, bila kumwuliza. "Mgeni akija mara ya kwanza halipi. Ndiyo desturi." Muriel akatoa leso, akaufuta mdomo wa kopo taratibu, kisha akalisukuma kando bila kunywa.

"Nimefuata kopo la Wilfred Tapley," alisema.

Hogben akavua kofia.

"Wilf wetu," alisema Beryl polepole.

Makopo ya wateja yalining'inia ukutani kwenye misumari, kila moja na jina lake. La Wilfred lilikuwa limepinduliwa, mdomo chini, kama wanavyofanya hapo mwenyewe akifariki. Kando yake kulikuwa na jingine, dogo, nalo limepinduliwa. Muriel akalisoma mara mbili. Lilikuwa limeandikwa MURIEL.

"Hilo dogo la nani?" sauti yake ilimtoka nyembamba.

"La marehemu mkewe," Norris akajibu. "Alitangulia kabla Wilf hajatufikia. Siku ya kwanza nilimtania, 'Mkeo umemficha wapi, bwana?' Akasema, 'Amekufa.' Naona haya mpaka leo."

"Alimpenda mke yule!" alisema Hogben. "Kila tukifungua pipa jipya la tufaha, funda la kwanza ni la Muriel, na Wilf analinywa kwa niaba yake. Alituambia kwamba wiki ya harusi yao mkewe alikunywa glasi moja, hapa hapa ufukweni, akacheka mpaka akakaa chini kwenye kokoto. Alisema hajasikia tena kicheko kama kile."

"Na zile leso za mkewe!" Norris akacheka. "Eti hanywi kitu bila kufuta kopo kwanza, hata kikombe alichokiosha mwenyewe!" Akaigiza, kidole cha mwisho juu.

Hogben akacheka. Beryl hakucheka. Aliitazama leso ya Muriel iliyokuwa benchini.

"Fundi hasa," Hogben akaendelea, akalivuta pazia. "Mabomba yote haya ya mapipa ni mkono wake. Ukimwambia asubuhi linadondoka, mchana limekwisha. Sikiliza."

Muriel akasikiliza. Hapakuwa na tone hata moja.

"Na wewe ni nani wake, mama? Maana kopo hupewa mtu wa damu."

Angeweza kusema. Neno lilikuwa ulimini: mkewe. Lakini akimtoa mke yule kaburini, Wilfred atakuwa mwongo mbele ya watu pekee waliompenda hadharani. Naye ataulizwa kwa nini mumewe alimwua kwa maneno, na jibu analo mwenyewe, alilitamka kwa kinywa chake.

"Dada yake," alisema. "Hilda. Naishi mbali."

"Dada!" Hogben akashika kichwa. "Alituambia hana mtu duniani. Ndiyo maana hatukujua pa kwenda. Tuliposikia, kesha kuzikwa. Tulikaa humu watu kumi na wanne, hatuna hata mlango wa kupeleka pole."

Kumi na wanne. Na kule makaburini watano. Muriel akaivuta pombe ya tufaha, akainywa. Ilikuwa kali, kisha tamu, kisha ikabaki chungu nyuma ya ulimi. Ladha ilikuwa ileile ya siku ya kokoto zile. Maneno yote mazuri ya miaka kumi na miwili, na hakupewa yeye hata moja la kutilia chai.

Hogben akalitoa kopo la Wilfred msumarini, akalisugua kwa aproni, akampa kwa mikono miwili. "Na la mkewe, nikupe pia? Hakuna mwingine wa kulidai."

"Liache hapo hapo," alisema Muriel. "Mwenyewe hatalifuata."

Beryl alimsindikiza mpaka mlangoni, akamfunga vizuri kitambaa cha shingoni, kwa kuwa upepo ulikuwa mkali. Nje, mlango ulipokwisha kufungwa nyuma yao, akamtia ile leso mkononi. Muriel alikuwa ameisahau benchini.

"Sitamwambia mtu," alisema. "Lakini Alhamisi uje tena, Muriel. Tafadhali, uje."