Upande wa Kulia

"Fundi, kaa kwanza," mtafiti alisema, akamsogezea kiti.

Fundi makochi hakukaa. Jicho lake lilishatangulia kwenye kiti: sponji imelala, kitambaa kimelegea pembeni. Alikuwa amejitolea kulala ndani ya mashine na kusikiliza hadithi huku ubongo wake ukipigwa picha, kama wengine waliomtangulia, na sasa sura ya yule binti mtafiti haikumpendeza.

"Sema tu, mwanangu. Mimi si yai."

Binti akamgeuzia kioo cha kompyuta. Upande wa kushoto wa picha ya ubongo wake palikuwa na doa kubwa jeusi. "Sehemu hii haipo. Daktari wetu anadhani uliikosa tangu tumboni. Si ugonjwa, wala haiongezeki."

Fundi akaketi. Utotoni walimwita Bubu, maana wenzake waliimba yeye akiwatazama midomo. Kumbe hawakukosea?

"Kwa hiyo mimi ni pungufu."

"Hapana. Watu wakisikiliza hadithi, sehemu fulani za ubongo huamka pamoja na kutulia pamoja, kama watu wanaoitikiana. Kwa wengi ziko kushoto. Zako hatukuzitafuta kwa mahali, tulizitafuta kwa kazi zinayofanya. Tukazikuta kulia, zinaitikiana sawa na za wenzako, palepale hadithi inaponoga."

Fundi akaisogelea picha. "Nani alizihamisha?"

Binti akatabasamu. "Ubongo wa mtoto hujitafutia njia. Lakini nadhani kuna mtu alikusemesha sana."

Jioni alimkuta mama yake uani, anaanua nguo. Akamweleza yote. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kibanio mdomoni, kisha akakitoa.

"Bibi yako aliniambia nisijichoshe, huyu hakupewa ulimi. Nikasema basi nitamwazima wangu. Nikifua nakusemesha, nikipika nakusemesha. Majirani wakaona nimerukwa na akili."

"Ahsante, mama."

"Ahsante ya nini? Ulipoanza kusema, nani tena alipata usingizi humu ndani?"

Fundi alicheka, machozi yakimlengalenga. Akashika ncha ya pili ya shuka. Wakalikunja, wakisogeleana na kurudi nyuma, na mama akaanza kumpa habari za mpangaji mpya, akitamka kila neno taratibu kama zamani, macho yake kwenye midomo ya mwanawe.