Kura ya Mpau

Mpau hakuitwa Mpau na mama yake. Jina hilo, la mti mwembamba wa kushikilia paa, alipewa na mafundi wenzake, kwa kuwa alikuwa mrefu, mkavu, na haonekani chini. Miaka thelathini na moja alitembea juu ya nyumba za watu kama mwingine anavyotembea sebuleni kwake. Basi siku alipoketi katikati ya ngazi, misumari ingali mdomoni, asiweze kupanda wala kushuka, wenzake walidhani ni mizaha yake. Nao wakamtania. Walipoona midomo imebadilika rangi ndipo wakamfunga kamba wakamshusha kama gunia.

Hospitali ilisema moyo umetanuka na nguvu zimeuishia, tena haupigi kwa mpangilio. Mkewe, aliyekuwa akishona mapazia nyumbani, alifundishwa kumshika kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo. Alichokishika kilikuwa kinakimbia, kinasita, kinaruka, kisha kinakimbia tena kana kwamba kimesahau kitu mbele. Mwaka mzima Mpau alikula chakula kisicho na chumvi, akapanda mizani kila asubuhi, akameza vidonge vya kutoa maji mwilini. Miguu ikavimba vilevile. Mara mbili waliushtua moyo kwa umeme ukarudi kwenye mstari, na mara mbili ukaasi kabla mwezi haujaisha.

Ndipo daktari wa moyo, mama mmoja wa maneno machache, akawaita wote wawili. Aliwaeleza kwamba figo zina neva zinazopeleka habari kwenye ubongo, na za Mpau hazina habari njema hata siku moja. Ubongo ukizisikia unauchapa moyo ukimbie, na moyo uliochoka ukichapwa sana huvurugika. Kulikuwa na njia ya kupitisha mpira mwembamba kwenye kinena hadi mishipa ya figo, na kuzichoma neva hizo kwa joto.

"Kumbe ni uchongezi," Mpau alisema. "Figo zangu mwenyewe ndizo zinazonichongea."

Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka. Alisema huo ni utafiti, bado hakuna ajuaye kama utamfaa mtu wa hali yake. Wagonjwa wangepigiwa kura na kompyuta. Nusu wangechomwa neva. Nusu wangelazwa kwenye meza ileile, wakapitishwa mpira uleule, wakarudishwa wodini bila kuchomwa kitu. Mgonjwa hangejua yuko upande gani mpaka mwisho, na hata watakaompima hawangejua.

Mpau alikuwa ameshatia sahihi. Mkewe aliuliza hiyo nusu nyingine inapata nini. Daktari akajibu kwamba watapata uangalizi uleule. Lilikuwa jibu lisilo na kosa, na lisilo na kitu ndani.

Mpau alirudi nyumbani na bandeji kinenani, mtu mpya. Wiki ya tatu alikwenda dukani na kurudi kwa miguu yake. Wiki ya sita viatu vilimwingia. Kila aliyepita kumjulia hali alisimuliwa jinsi wachongezi walivyochomwa wakakauka. Jumamosi moja mkewe alirudi kutoka kupeleka mapazia akamkuta juu ya paa la stoo, anagongelea bati lililoachia. Akaenda kushika ngazi. Mpau aliposhuka alimnyoshea mkono bila kuombwa. Mke akahesabu. Moyo ulikuwa unakimbia, unasita, unaruka, uleule wa siku zote.

"Vipi?"

"Afadhali," mke alisema. Huo ndio ulikuwa uongo wake wa kwanza.

Mwezi wa tano tangu atoke hospitali maji yalirudi, kwanza miguuni, kisha kifuani. Mpau akawa analala ameketi, mito mitatu mgongoni. Wiki hiyohiyo ikaja barua kwamba utafiti umefungwa, na kwamba kura ilimweka Mpau upande wa wasiochomwa. Mkewe aliisoma amesimama mlangoni. Akairudia. Akaitia kwenye droo ya nyuzi, na kesho yake akaenda kwa daktari peke yake.

Alimwomba sasa amchome kweli. Daktari akamweleza polepole kwamba figo zimedhoofika kiasi kwamba ile dawa tu ya kuonyesha mishipa ingezimaliza, na moyo hauwezi tena kuistahimili meza ile. Hata waliochomwa, bado haijajulikana kama wamenufaika.

"Ningekuwa na la kufanya, dada yangu, ningelifanya."

Siku tisa mke alikaa na barua hiyo. Mpau alikuwa na hakika kwamba neva zimeota upya, kama magugu yaliyokatwa bila kung'olewa, na kila asubuhi alimwuliza lini watakwenda kuzichoma tena. Siku ya kumi mkewe alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa shati la kutokea, kiatu kimoja mguuni, cha pili kimemshinda.

"Hawakukuchoma, mume wangu," alisema. "Kura haikukuangukia."

Mpau alikitazama kile kiatu. "Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Sasa pale juu nilipanda kwa nguvu za nani?"

Mke alitaka kumwambia ni zake mwenyewe. Lakini kumwambia hivyo mtu anayeshindwa na kiatu kungekuwa kumsimanga. Mpau akamwomba amvue kile kilichoingia, na akamsihi asiwaambie mafundi, wasije wakambadilisha jina.

Tangu hapo hakunyosha tena mkono. Akiombwa aliutoa, akatazama ukutani. Alifariki baada ya siku kumi na moja, Alhamisi asubuhi, mkewe akiwa chumba cha pili anamalizia pindo la pazia. Alilimaliza lote kabla ya kwenda kumwuliza kama atakunywa chai.

Mwezi uliofuata muuguzi wa utafiti alikuja na fomu ya kufungia jalada. Aliuliza kwa upole hali ya mgonjwa ilikuwaje ile miezi mitatu ya kwanza. Mkewe akasema alipata nafuu. Muuguzi akauliza, kwa maoni yake, nafuu hiyo ilitokana na nini. Akamwambia mstari huo auache wazi.

Alitia sahihi, akamsindikiza mpaka barabarani. Mwenyewe alikuwa na swali lisilokuwa kwenye fomu: laiti angeendelea kusema afadhali, Mpau angeishi siku ngapi zaidi? Siku nyingine alijibu hata moja, moyo ulikuwa umekwisha. Siku nyingine alihesabu wiki ambazo viatu vilimwingia, akarudi kukaa kwenye cherehani bila kuikanyaga.