Nusu Kikombe

Msusi hakumpenda fundi saa tangu siku ya kwanza, na sababu alikuwa nazo. Kwenye harusi ya Kicheko, shoga yake wa kufa na kuzikana, yule bwana alikuja kama rafiki mkubwa wa bwana harusi, akajikalia pembeni na kutazama saa. Msusi alicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Fundi saa akakiokota, akakipigilia kwa kijinyundo alichokitoa mfukoni, akamrudishia bila neno. Sasa wewe niambie, nani huenda harusini na nyundo?

Miaka sita baadaye figo za Kicheko zikagoma. Mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, hakuwa na ujanja: akiacha safari, kazi inaondoka, na dawa nazo. Akawaomba watu wawili anaowaamini. Msusi akakaa wodini kila asubuhi, saluni akaifungua mchana. Fundi saa akawa anafunga kibanda saa nane na kukaa hadi jioni. Walionana mlangoni tu, wakipokezana chupa ya chai na daftari.

Daftari ndilo lililokuwa na kazi. Daktari alikuwa amekata kauli: vikombe viwili kwa siku, chai na uji vikiwemo, na kila anachokunywa kiandikwe. "Maji yakizidi hayana pa kutokea," alisema. "Yatapanda kifuani." Wauguzi walilisoma daftari hilo ndipo wapange siku ya kumwingiza kwenye mashine ya kusafisha damu.

Fundi saa aliandika: *Saa 9:10. Chai, robo kikombe.* Msusi aliandika: *Amekunywa kidogo, amecheka sana, kanisema nimenenepa.*

"Dada, kidogo ndiyo kiasi gani?" fundi saa aliuliza.

"Kidogo cha kawaida, Bwana Saa."

"Hakuna kidogo cha kawaida. Haya ni maisha ya mtu."

Kesho yake Msusi akaandika: *Kidogo kisicho cha kawaida, yaani nusu kikombe.* Akamvizia asome. Pembe moja ya mdomo wa yule bwana ikacheza, ikatulia. Msusi akaenda zake saluni akiwa amefurahi kipumbavu, akamsuka mteja mistari iliyopinda ikabidi aifumue.

Mambo yakaenda hivyo, polepole mno. Fundi saa akaitengeneza saa ya ukutani ya wodi, kwa kuwa alishindwa kukaa nayo imekufa. Msusi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuwahi popote, akaacha kuchelewa. Siku moja akakuta chini ya maandishi yake mstari mdogo, umenyooka kama wa rula: *Leo usisimame sana. Jana ulikuwa unachechemea.* Aliusoma labda mara kumi.

"Nyinyi wawili nikifa mtaoana," Kicheko alisema kutoka kitandani.

"Funga domo lako wewe."

"Nimeshamwambia mume wangu. Ameanza kushona suti."

Wakacheka, kisha Kicheko akalamba midomo iliyopasuka. "Shoga, kiu inanimaliza. Niongeze nusu tu. Na yule mtu wa saa asijue, atanihutubia mpaka jioni."

Msusi akampa. Ungemwona alivyokunywa, kikombe kakishika kwa mikono miwili, macho kayafumba, nawe ungempa. Kosa halikuwa kumpa. Kosa lilikuwa daftari. Alishika kalamu, akafikiria macho ya fundi saa yakiupitia mstari huo, akaiweka chini. Hakumwogopa daktari, aliogopa kushuka hadhi mbele ya mwanamume mmoja. Na kesho yake hivyo hivyo, kwa siku tisa.

Miguu ya Kicheko ikavimba. Muuguzi akafungua daftari, akakuta vikombe viwili barabara, akasema basi mashine ingoje zamu yake. Asubuhi ya kumi Kicheko alikufa akiwa amekaa, amejaa maji kifuani, anatafuta pumzi huku amemng'ang'ania Msusi shingoni. Alama za kucha zilikaa siku nyingi.

Siku ya tatu baada ya mazishi, Msusi akapiga moyo konde. Dereva alikuwa ameomba apewe daftari alitunze, maana humo mna vicheko vya mkewe, naye angelipitia mchana huo kwa fundi saa. Msusi akatangulia nalo kibandani.

"Nilimpa maji," alisema hata kabla ya kuketi. "Nusu kikombe kila asubuhi, siku tisa. Sikuandika. Nitukane."

Fundi saa akavua kioo cha kukuzia alichokibana jichoni. Akakiweka mezani.

"Alikwambia mimi nisijue?"

"Ndiyo."

"Mimi aliniambia wewe usijue. Saa kumi. Nusu kikombe, kila siku. Baada ya kukukemea vile kwa sababu ya neno 'kidogo', ningeandikaje? Ungenionaje?"

Msusi akajumlisha. Nusu na nusu, kikombe kizima kila siku. Mmoja wao angeandika, mwingine asingempa, na muuguzi angejua.

Mkono wa fundi saa ukavuka meza ukaushika wake. Ulikuwa mkavu na wenye joto, na Msusi alikuwa ameutamani kwa miezi. Hakuna aliyelijua lile jambo ila wao. Wangeweza kunyamaza, wakaoana, na dereva akaja na suti yake mpya.

Msusi akafungua daftari kwa mkono wa pili. Ukurasa kwa ukurasa, pembeni, akaandika: *Asubuhi, nusu kikombe zaidi. Nilimpa mimi.* Kila alipomaliza, fundi saa alichukua kalamu na kuandika chini yake: *Saa 10:00, nusu kikombe zaidi. Nilimpa mimi.* Kurasa tisa.

Nje lori likasimama, mlango ukafungwa, dereva akaita, "Shemeji! Mmenitunzia daftari langu?"

Msusi akauachia ule mkono, akalichukua daftari, akatoka kumpa.