Mdhamini wa Maximilla

Siku Maximilla Nafula alipomaliza deni la kadi ya benki, mtu wa kwanza kumpongeza hakuwa mumewe wala mchungaji wake. Alikuwa Kiprono, kijana wa kampuni ya kukusanya madeni, ambaye kwa miaka mitatu alimpigia simu karibu kila wiki.

"Mama, pesa imefika," Kiprono alisema kwa ile sauti yake nzito, sauti ya kutangaza matanga redioni. "Faili yako nimeifunga. Hongera sana. Sitakupigia tena."

"Asante, Kiprono. Na mguu wa mama yako?"

"Anatembea sasa. Asante kwa kuuliza."

Simu ikakatika. Maximilla akakaa na simu mkononi, machozi yakimtoka, na hakuelewa kama analia kwa furaha au kwa sababu hakuna tena mtu wa kumpigia kila Jumanne.

Deni lenyewe lilikuwa limeanza kwa upole. Maximilla alikuwa karani wa uhasibu katika chuo kimoja mjini Eldoret. Watu wa benki walipokuja kazini kugawa kadi za mkopo, yeye aliona ni zawadi ya mfanyakazi mwenye adabu. Akanunua friji. Akanunua seti ya makochi. Kisha ukoo ukapata habari. Shemeji alikuwa na karo, binamu alikuwa na harusi, shangazi wa Kimilili alikuwa na jino. Kila mmoja alimwambia, "Si unapitisha tu kwa mashine?" kana kwamba mashine ndiyo ingelipa. Mchana Maximilla alisawazisha hesabu za chuo hadi shilingi ya mwisho. Jioni aliogopa kufungua bahasha yake mwenyewe. Riba ikazaa, na watoto wa riba nao wakazaa.

Mwishowe alijipeleka benki, wakakubaliana alipe sehemu, nyingine wasamehe. Aliuza friji, akauza makochi, na kila Jumamosi akawa anashuka Burnt Forest kununua viazi na kuviuza mtaani kwao Kipkenyo. Akalipa mpaka akamaliza.

Alidhani yuko huru. Lakini alipoenda benki kuuliza kama siku moja wangeweza kumkopesha anunue kiploti cha kujenga ambacho yeye na mumewe walikuwa wamekipanga, msichana wa dirishani alitikisa kichwa kwa huruma.

"Deni limeisha, Mama, lakini historia haijaisha. CRB wanaweka rekodi ya kila mkopaji. Yako bado inaonyesha ulichelewa, halafu ukalipa pungufu."

"Sasa nifanye nini?"

"Ukope."

"Nikope?"

"Kidogo tu. Ulipe kwa wakati. Ndio rekodi mpya ianze kujengeka. Jaribu sacco mnakoweka akiba."

Jioni alimweleza mumewe, Lusweti, aliyekuwa nyuma ya nyumba akimkatia ng'ombe nyasi kwa panga. Lusweti alisimamisha panga hewani.

"Hebu nielewe, Mama Sylvia. Daktari amekuambia umepona malaria."

"Ndiyo."

"Sasa amekuandikia ukatafute mbu."

"Ni mbu mdogo, Baba Sylvia. Nitanunua mashine ya kukatia hizi nyasi. Si wewe unalia bega kila siku?"

Lusweti alilitazama bega lake, akamtazama ng'ombe, akarudi kukata nyasi.

Sacco haikumkataa. Ilimwambia tu kwamba, kwa sababu ya rekodi yake, lazima alete wadhamini wawili ambao ni wanachama, na wote wafike mbele ya kamati ya mikopo kuhojiwa. Hapo ndipo Maximilla alipojua thamani yake sokoni.

Alianza na Rosebella, rafiki yake wa kwaya, waliyekuwa wakisimama naye bega kwa bega kwenye sauti ya pili.

"Max, wewe unajua vile nakupenda," Rosebella alisema.

"Najua."

"Basi tuache hivyo. Kupenda na kudhamini ni ofisi mbili tofauti, na mimi niko tu kwa ile ya kwanza."

Mchungaji naye alikuwa mwanachama. Alimshika mikono, akafumba macho, akamwombea mdhamini kwa maombi marefu yenye nguvu, na alipofumbua macho akakumbuka ana mgonjwa wa kutembelea Plateau. Mwalimu mmoja wa chuo, ambaye Maximilla alikuwa amemsahihishia makosa ya mshahara mara nyingi, alimwona akikaribia na karatasi akaingia choo cha wanaume. Maximilla akangoja nje kwa muda. Yule naye akangoja ndani. Mwishowe ni Maximilla aliyeona aibu, akaondoka.

Akiwa anarudi nyumbani kwa miguu, akawaza: ni nani basi katika dunia hii anayejua kwamba mimi hulipa? Jibu lilipomjia alisimama katikati ya njia, boda boda ikampigia honi.

Kiprono alipokea simu kwa wasiwasi. "Mama Maximilla? Kuna shida? Faili ilifungwa."

"Hakuna shida. Nataka unidhamini."

"Mama," Kiprono alisema, "nimefanya hii kazi miaka mingi. Leo ndio mara ya kwanza mteja amenipigia mwenyewe."

Wakakutana kwenye hoteli moja karibu na stendi. Maximilla alikuwa akitafuta jitu la miraba minne, la kulingana na ile sauti. Akainukiwa na kijana mwembamba kama kijiti, sweta imemzidi, shingo kama ya kuku aliyenyonyolewa.

"Ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi, Mama," ile sauti ikajibu kutoka ndani ya sweta, na watu wa meza ya jirani wakageuka.

Bahati ilikuwa kwamba Kiprono alikuwa ameweka akiba katika sacco hiyo hiyo tangu siku zake za chuo. Maximilla akamwagizia chai na mandazi, akamweleza yote, hata ya choo cha wanaume. Akamwambia ana ruhusa ya kusema lolote kumhusu mbele ya kamati, zuri na baya.

"Nitakuja," Kiprono alisema. "Unakumbuka siku nilikupigia uko mazishini? Watu wengine hunizimia simu wakiwa tu sebuleni. Wewe ulipokea, ukaninong'oneza, 'Kiprono, tuko kaburini, nipigie watu wakishakula.' Nikapiga watu wakishakula, ukapokea. Nilimhadithia mama yangu."

Mdhamini wa pili hakupatikana. Siku ya kamati ilipofika, Maximilla alivaa suti yake ya kanisani, akaingia na huyo mmoja.

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Mwenyekiti alikuwa Mzee Kipyego, mwalimu mkuu mstaafu, mtu aliyeongea kana kwamba kila sentensi ingeingia kwenye mtihani. Kulia kwake alikuwa katibu, Brigid, mwenye duka la vitambaa mjini, na kushoto alikuwa mweka hazina, Wangila, mfanyabiashara wa mahindi. Mzee Kipyego alianza kwa hotuba.

"Mama Maximilla, hii sacco ilijengwa kwa uaminifu. Siku hizi watu wanakopa kushoto, wanakopa kulia, halafu wakipigiwa simu wanajificha. Mimi sijui mtu wa namna hiyo hulalaje usiku."

"Kweli kabisa, Mwenyekiti," Wangila alisema.

"Ni aibu," Brigid akaongeza.

"Umeleta wadhamini?"

"Nimeleta mmoja, Mzee."

"Mmoja!" Mzee Kipyego akavua miwani. "Haya, ajitambulishe."

Kiprono akasimama, akavuta sweta, akasema kama alivyozoea kusema kila siku ya kazi, "Habari za mchana. Ninaitwa Kiprono."

Kalamu ya Wangila ikaanguka. Brigid aliichukua simu yake iliyokuwa mezani, akaigeuza kifudifudi, kisha akaikalia. Mzee Kipyego alibaki vile vile, miwani mkononi, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyesikia mlango wa nyumbani kwake ukigongwa.

Maximilla aliwatazama mmoja mmoja. Alifikiri labda wameshtushwa tu na ile sauti kubwa katika mwili mdogo.

"Umesema," Mzee Kipyego aliuliza polepole, "unafanya kazi wapi?"

"Sijasema, Mzee."

"Hakuna haja. Haina maana. Kazi ni kazi."

"Naweza kueleza," Kiprono alisema.

"Hapana!" wakasema wote watatu pamoja.

Ndipo Maximilla alipoelewa. Kampuni ya Kiprono ilikusanya madeni ya benki zaidi ya moja, na sauti ile ilijulikana katika simu nyingi za mji huu. Alitaka kucheka, akauma ulimi.

Kiprono naye alikuwa ameelewa, maana alishusha macho sakafuni. Akaweka mikono nyuma.

"Nataka niseme jambo moja, Mzee. Kazi yangu ina siri. Mtu niliyeongea naye kwenye simu, nikikutana naye barabarani simjui. Hata akiwa mbele yangu hivi, simjui. Huyu Mama ninamsema kwa sababu mwenyewe ameniruhusu."

Chumba kizima kikatoa pumzi. Brigid akajiwekea maji ya kunywa. Kiprono akatoa ushuhuda wake: kwamba Maximilla hakuwahi kuzima simu, hakuwahi kumdanganya, akisema hana alikuwa kweli hana, na akisema Ijumaa ilikuwa Ijumaa. Alipoketi, Mzee Kipyego akavaa miwani haraka.

"Mimi naona tumeridhika. Tupitishe."

"Tupitishe," Wangila alisema, akiwa bado chini ya meza akitafuta kalamu.

Maximilla angeweza kusema asante na kutoka. Lakini alikuwa amechoka miaka mingi kubeba aibu, na hakutaka sasa kupewa mkopo na aibu ya watu wengine.

"Mzee, samahani," alisema. "Nilikuja kuhojiwa. Mkinipitisha bila kuniuliza kitu, nitatoka hapa kama nimewaibia. Niulizeni."

Wakatazamana. Mzee Kipyego akakohoa. Alipouliza, sauti yake ilikuwa imeshuka. Haikuwa tena ya mwalimu mkuu.

"Ulifanyaje... mpaka benki ikakubali kupunguza?"

Maximilla akaeleza. Kwamba jambo gumu kuliko yote lilikuwa kuingia mlangoni. Kwamba alienda na karatasi za mshahara wake, akawaambia kinachowezekana na kisichowezekana, na hakuahidi makubwa ili aonekane mtu mkubwa. Kwamba hakutoa hata shilingi kabla makubaliano hayajaandikwa na kupigwa muhuri.

"Muhuri," Brigid alinong'ona, akiandika.

"Na wakikataa mara ya kwanza?" Wangila akauliza. "Ni kwa mfano tu. Nina jirani ana shida kama hiyo."

"Mwambie jirani arudi tena. Mimi walinikataa mara mbili."

"Hata mimi nina jirani," Brigid alisema.

Mzee Kipyego alitazama dirishani. "Mtaa wetu pia," alisema, "majirani wanateseka."

Kiprono alikuwa anatazama kucha zake, mtu asiyejua mtu.

Walikaa hapo hadi wanachama waliokuwa nje wakaanza kugonga. Kuhusu mdhamini wa pili, Mzee Kipyego alivuta karatasi, akasema sheria haimkatazi mwenyekiti, akatia sahihi mwenyewe kwa mwandiko wa ubaoni. "Usiniangushe, Mama," alisema, na Maximilla alisikia kwamba lilikuwa ombi.

Mashine ilinunuliwa. Lusweti aliizunguka mara kadhaa kabla ya kuiwasha, kisha akakatakata nyasi zote za wiki kwa asubuhi moja, bega likiwa limetulia. Maximilla naye akawa mgonjwa wa kulipa. Mwezi wa kwanza alilipa kabla ya wakati. Mwezi wa pili alifika na pesa za viazi akitaka kumaliza mkopo wote, na meneja wa sacco akamrudishia bahasha kwa mikono miwili.

"Mama, tafadhali. Ukimaliza leo, tutaandika nini? Kaa na deni kidogo, watu wakuone ukilibeba."

Akajifunza kukaa nalo. Haikuwa rahisi, mwanzoni usingizi ulimpaa. Lakini mwezi ukapita na mwingine ukaja, kila mara akilipa tarehe ikifika, na rekodi yake ikaanza kubadilika sura. Alama ya zamani ilikuwa bado ipo, ila haikuwa tena peke yake kwenye ukurasa.

Mwaka huo huo Mzee Kipyego alionekana akienda kanisani kwa miguu. Alisema ni ushauri wa daktari. Gari lake lilionekana Iten likiendeshwa na mtu mwingine, naye Mzee akamwambia Maximilla kwa siri kwamba yule jirani yake alikuwa amemaliza deni lote na sasa anakula vizuri.

Maximilla alilipa awamu ya mwisho siku ya mvua kubwa. Alifika nyumbani amelowa, akamkuta Lusweti jikoni akichemsha chai.

"Wamesema nini?" Lusweti akauliza.

"Wamesema sasa naweza kukopa mara tatu ya akiba yangu."

Lusweti aliweka sufuria chini. Akaenda mlangoni, akachungulia nje huku na huku, akafunga kwa komeo.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Shangazi wa Kimilili hajui?"

"Hajui."

"Basi ibaki hapa."

Akammiminia chai, akamletea kitambaa cha kujifuta. Wakaketi kwenye viti vya plastiki wakizungumza habari za kiploti kwa sauti ya chini kama wezi, huku mvua ikipiga mabati, mpaka chai ikapoa.