Wito Uliokwama Sebuleni

Kinyozi alipoitwa na Mungu, mtaa mzima ulisikia. Si kwamba Mungu alipaza sauti. Aliyepaza ni kinyozi. Watu walikuwa wameshampa jina la Spika, na wateja wake waliijua hatari ya kiti chake: mtu aliyeshikwa kichwa, wembe u kisogoni, hana ujanja ila kuokoka.

Mkewe alimpenda hivyo hivyo. Ila tangu wito uingie nyumbani, hata chumvi iliombwa kwa mahubiri. "Mama watoto, tazama, mboga hii imepungukiwa." Naye mke ananyanyuka, anaileta.

Jumamosi hiyo wazee wa kanisa walikuwa wanakuja kuamua kama Spika apelekwe chuo cha uchungaji au abaki na mikasi yake. Alijiandaa wiki nzima. Alijifunza unyenyekevu mbele ya kioo cha kazini, akiinamisha kichwa huku na huku mpaka akapata upande unaompendeza. Mkewe naye akafundishwa la kujibu: "Wakikuuliza, waambie mimi ni mtumishi kuanzia nyumbani kwangu."

Mke aliitikia, lakini maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kuwadanganya wazee aliogopa. Kumvunjia mumewe ndoto aliogopa zaidi.

Wakaja wawili: mzee mwenye mkongojo, na mkunga mstaafu aliyewajua nusu ya watu wa mtaa tangu hawajavaa nguo. Wakakaa. Spika akainamisha kichwa, upande ule ule.

"Haya binti yangu," mkunga akamwambia mke, "mwenzio ni mtu wa namna gani?"

Mke akafungua kinywa. Mzee akamkatiza. "Tunywe chai kwanza."

Mke akanyanyuka, mzee akamzuia.

"Kaa, mama. Kwetu chai hii huipika mwenyewe anayetaka utumishi. Hata mimi niliipika."

Hilo Spika hakuwahi kuambiwa. Waliofaulu hawasemi, na walioshindwa wanaona haya. Akacheka, akaona hana mwenzake wa kucheka naye, akaelekea jikoni kama mgeni anayetafuta choo.

Sebuleni wakasikia kabati likifunguliwa. Likafungwa. Likafunguliwa lile lile. Sufuria ikaanguka. Kisha sauti ya mimbarani ikavuma: "Mama watoto, ni nani aliyekificha kiberiti?"

"Usijibu," mkunga akanong'ona. Mke akakalia mikono yake mwenyewe.

Mama mzazi wa Spika, aliyekuwa ameketi pembeni, akaguna. "Mwanangu huyu anajua mana ilianguka wapi jangwani. Sukari ya nyumbani kwake ndiyo hajafunuliwa."

Alipotokea, jasho lilikuwa linamchuruzika na chai imepauka kama maji ya kuoshea mchele. Mzee alipewa kikombe cha kusukutulia. Akakinusa.

"Kina dawa ya meno," akasema. "Basi ni kisafi." Akanywa.

Mkunga akamgeukia mke. "Lile swali langu, mwanangu, achana nalo. Limeshajibiwa." Mke akashusha pumzi, mwiba ulikuwa umetoka wenyewe.

"Wito unao," mzee akamwambia Spika akijiinua kwa mkongojo. "Ila umekwama hapa sebuleni. Ukifika jikoni, tuite."

Wageni wakaenda zao. Spika akabaki amesimama na sinia, kimya, na kimya chake mkewe hakuwa amewahi kukisikia.

"Sponji iko wapi?" akauliza hatimaye. Ilikuwa sauti ya kawaida, ile ile aliyomposea nayo.

Mke akaelekeza kwa kidole. Hakunyanyuka.

Maji yakaanza kutiririka. Kikombe kimoja kikagonga kingine. Halafu, polepole, sauti ikaanza kupanda: "Ndugu zangu, hata kikombe, kabla hakijajazwa..."

"Osha kwanza," mama yake akamwambia. "Utavihubiria vikikauka."